Ujiji: Mji wa Ziwani Uliogeuka Kuwa Kiunga

I. Maana ya maandishi haya

Katika shule zetu jina la Ujiji hutajwa mara moja tu. Mwanafunzi hufundishwa kwamba mwishoni mwa mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone mahali hapo, wakapeana mikono, kisha kitabu hufungwa. Waliokuwa wakikaa Ujiji kabla ya wageni hao wawili, na mambo yaliyowapata watoto wao baadaye, hayaulizwi. Hivyo mji mzima umefanywa kuwa kivuli cha mwembe mmoja.

Nia yangu ni kueleza jinsi Ujiji, makao ya wakulima na wavuvi yaliyopata kuwa soko la ziwa zima la Tanganyika, ilivyogeuka kuwa kiunga cha Kigoma, mahali ambapo siku zile palikuwa ghuba tulivu isiyo na sifa kubwa. Wengine husema mji huu ulianguka kwa sababu ya uvivu wa wenyeji, wengine husema ni adhabu ya biashara ya watumwa. Mimi naona sivyo. Vitu viwili viliuacha mji: kwanza maji, halafu njia. Vyote viwili havikuwa mikononi mwa wenyeji. Lakini viko vitu vingine ambavyo havikuondoka, na hivyo ndivyo vimeuweka mji hai hata leo.

Sisi wa Ufipa na bonde la Rukwa jambo hili latuhusu. Ziwa ni lile lile, na watu wetu wa Kirando, Kipili na Kasanga wamesafiri kwenda na kurudi huko tangu zamani.

II. Jina

Burton na Speke walipofika ziwani mwezi wa Februari 1858, Burton aliandika kwamba Ujiji si jina la mji mmoja, bali ni jina la nchi. Alisema kweli. Kiambishi U- hutaja nchi, kama tusemavyo Ufipa, Uvinza, Ungoni. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wajiji, tawi la Waha, na usemi wao ni namna ya Kiha. Asije mtu akadhani kwamba jina hili latokana na neno letu "kijiji". Kijiji cha Kiswahili ni udogo wa "mji", lakini Kijiji cha Wajiji ni lugha yao, kama vile Kifipa kilivyo lugha ya Wafipa. Maneno yamefanana sauti, asili ni mbalimbali.

Ndani ya nchi hiyo palikuwa na makao mengi. Mashuhuri yalikuwa Kawele na Ugoy, yaliyokaribiana ufukweni, na Gungu upande wa kaskazini. Wageni walioteremkia Kawele walisema, "Tumefika Ujiji," na jina la nchi likaushikilia mji. Hii ni desturi ya misafara: jina kubwa hulimeza dogo. Mtu akitafuta leo kujua Kawele ilikuwa wapi, itampasa kuwauliza wazee, maana wengine hulijua jina la Ujiji peke yake.

III. Shamba na wavu

Kabla ya yote Ujiji ilikuwa nchi ya wakulima. Udongo wake ni mwema, mvua yatosha, na milima iliyo nyuma yake hulishwa na vijito. Watu walipanda mihogo, maharage, mahindi na ndizi, na zaidi ya hayo walikuwa na michikichi. Mti huu, ambao huku kwetu nyandani juu hauoti kwa sababu ya baridi, huko huzaa sana. Tunda lake hutoa mawese, na mawese yalichukuliwa katika vibuyu na vyungu kwenda nchi zisizo nayo.

Jamaa wale wale waliolima mchana waliingia ziwani usiku. Samaki wa kwanza ni dagaa, aliye mdogo kwa mwili na mkubwa kwa faida. Dagaa hufuata mwanga. Wakati wa giza la mwezi wavuvi walitoka kwa mitumbwi, wakawasha moto wa kuni au matete gomani, na dagaa walipokusanyika wakachotwa kwa wavu mkubwa wenye mpini mrefu. Baadaye taa ya karabai ilishika mahali pa moto, lakini kanuni haikubadilika: mwezi ukipevuka, wavuvi hupumzika na kushona nyavu, kwa kuwa nuru ya mbinguni huishinda nuru ya taa. Dagaa walianikwa juani ufukweni, na siku mbili tatu zikipita waliweza kuchukuliwa mbali bila kuoza. Pamoja nao walivuliwa mgebuka, kuhe na sangala.

Desturi moja ya utawala yastahili kuangaliwa na wachunguzi wa mila. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika kwamba mtawala mkuu wa Wajiji alikaa milimani, na mwiko ulimkataza asilitazame ziwa, la sivyo angekufa. Mambo ya ufukweni, yaani mitumbwi, soko na wageni, yaliachwa kwa wakuu wadogo. Mwaka 1858 mkuu wa Kawele aliitwa Kannena, naye ndiye aliyewapeleka Burton na Speke kwa mitumbwi hata Uvira. Tazama basi jinsi mwiko huu ulivyofanya kazi: mwenye nchi aliilinda ardhi, mkuu wa pwani aliwapokea wageni, na mambo hayo mawili hayakuchanganywa. Lakini ulikuwa na hatari yake pia. Wageni walipozidi nguvu ufukweni, mtawala hakuwepo kuwazuia.

IV. Soko

Misafara ya watu wa Mrima na Waarabu ilianza kufika ziwani kabla ya katikati ya karne ya 19. Waliikuta biashara, hawakuileta. Chumvi ya Uvinza, ambayo uchimbuzi umeonyesha kwamba ilichemshwa tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ilikwisha kupita Ujiji ikienda kila upande wa ziwa. Mawese, samaki, nafaka, vyungu, majembe na mbuzi vilibadilishwa. Walichoongeza wageni ni nguo, bunduki na shanga, na walichotaka ni pembe za ndovu na watu.

Kuhusu shanga yako mambo ya kupendeza kwa mwalimu wa hesabu. Huko bara uzi mmoja wa shanga uliitwa kete, na kete 10 zilifanya fundo. Nguo nayo ilipimwa kwa mkono: mikono 4 ni shuka, na shuka 2 ni doti. Cameron, aliyefika Ujiji mwezi wa Februari 1874, alikuta sokoni shanga za namna moja ziitwazo sofi, zilizofanana na vipande vya shina la kiko. Palikuwa na watu waliobadilisha fedha hii. Asubuhi walikodisha sofi kwa waliotaka kununua, na soko lilipofungwa walizinunua tena kwa wauzaji. Basi wako wapi wasemao kwamba benki ililetwa na gari la moshi?

Mkubwa wa wafanyabiashara wa pwani alikuwa Mwinyi Heri, mtu wa Mrima, aliyeushika mji hata kufa kwake mwaka 1885. Baada yake alitawala Mohamed bin Khalfan, aitwaye Rumaliza. Siku zao Ujiji ilikuwa mlango wa Manyema, ng'ambo ya magharibi, nchi ya pembe na ya machozi. Livingstone aliyaona mauaji ya soko la Nyangwe tarehe 15 Julai 1871, na ni baada ya hayo aliporudi Ujiji mgonjwa, amefilisika. Hatuna haki ya kuyaficha mambo haya tunapousifu mji. Watu walivushwa ziwa wakiwa wamefungwa, wakauzwa mahali pale pale palipouzwa mawese.

Lakini wengi wa hao waliovushwa, pamoja na wapagazi, wapiga makasia na askari waliotoka huko, hawakwenda pwani. Walikaa Ujiji. Wao na watoto wao wakaitwa Wamanyema, jina ambalo kwanza lilikuwa la nchi moja, kisha likawa la watu wa makabila mengi walioshiriki safari moja. Wasomi wa lugha yawapasa kulitazama hili. Watu hao hawakuwa na lugha moja ya mama, hivyo Kiswahili kikawa lugha ya nyumba zao, na Uislamu ukawa dini ya wengi wao. Mtoto wa mtumwa alipata jamaa mpya kwa lugha na kwa sala. Kwa njia hii Ujiji ikawa mji wa Kiswahili, ingawa uko zaidi ya kilometa 1,000 kutoka bahari ya Hindi.

Wamisionari nao walipitia mlango huu. Hore wa London Missionary Society alifika tarehe 23 Agosti 1878, na Mapadre Weupe mwezi wa Januari 1879. Hawakudumu hapo. Mapadre walisonga mbele, na tangu mwaka 1885 Karema, kusini ya Ujiji, ikawa ngome yao. Makanisa yetu mengi ya Ufipa ni wajukuu wa safari ile.

V. Maji yaondoka

Sasa nafika kwenye jambo la kwanza. Ziwa la Tanganyika lina urefu wa kilometa zipatazo 670, na kina chake chafika mita 1,470, nalo lina njia moja tu ya kutokea maji, yaani mto Lukuga upande wa magharibi. Kwa miaka mingi mlango wa Lukuga ulizibwa na udongo na majani. Maji yaliingia, hayakutoka, nalo ziwa likapanda. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 aliona kwamba minazi mitatu iliyosimama sokoni mwaka 1871 imekwisha kuingia majini, na mchanga alipokuwa akitembea asubuhi pamoja na Livingstone umefunikwa.

Mwaka 1878 kizuizi kikabomoka. Mwaka 1879 Hore, aliyekuwa baharia wa kazi, alikwenda Lukuga akaona maji yakitoka kwa nguvu. Katika muda wa miaka 15 hivi ziwa likashuka karibu mita 10. Mita 10 za kina kwenye ukingo wa jabali si neno, kwa maana mwamba husimama wima na chombo hufunga mahali pale pale. Lakini Ujiji haina jabali. Ufuko wake umelala, mwinamo wake ni mdogo, na kila mita ya kushuka ilivuta ukingo wa maji mbali na nyumba. Palipokuwa bandari pakawa nchi kavu. Mtu asimamaye leo penye nguzo ya ukumbusho wa Livingstone hana budi kutembea ili ayafikie maji.

Kwa mitumbwi jambo hili lilivumilika, maana mtumbwi huburutwa mchangani. Kwa merikebu ya chuma halikuvumilika. Tena ufuko ulikuwa wazi kwa upepo na mawimbi. Kilometa chache tu upande wa kaskazini, nyuma ya rasi ya Bangwe, ghuba ya Kigoma ilikuwa na maji marefu na kimya.

VI. Njia yaondoka

Wadachi walijenga boma la askari Ujiji mwaka 1896, chini ya Ramsay. Walikwenda Ujiji kwa sababu ndiko kulikokuwa na watu, soko na habari. Laiti mambo yangekaa hivyo, Ujiji ingekuwa mji mkuu wa magharibi. Lakini reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907 na Tabora mwaka 1912, ilihitaji gati la merikebu kubwa. Wahandisi waliuliza kina cha maji, hawakuuliza idadi ya watu. Mwezi wa Februari 1914 reli ikafika ziwani, ikakomea Kigoma.

Baada ya reli ikaja meli. Graf von Götzen iliundwa Papenburg katika Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa katika makasha 5,000 hivi, ikaunganishwa tena Kigoma na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Vita ilipogeuka, Wadachi waliizamisha wenyewe tarehe 26 Julai 1916, na siku chache baadaye Wabelgiji wakaiteka Kigoma na Ujiji. Waingereza waliiinua mwaka 1924, nayo ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Jina hilo latoka kusini: ndilo alilolisikia Livingstone mwaka 1867 katika nchi ya Walungu, jirani zetu, likitajwa kuwa jina la maji yale. Kwa miaka mingi Liemba iliteremka hata Karema, Kipili na Kasanga, ikichukua watu wetu, mahindi yetu na dagaa. Kila abiria aliyekwenda kaskazini alishuka Kigoma. Ujiji aliiona kwa mbali tu, akiwa melini.

Kazi ilipokwenda Kigoma, watu walifuata kazi. Ofisi za serikali, ghala, posta na maduka makubwa vikasimama karibu na stesheni. Kati ya miji miwili ilibaki nafasi isiyozidi kilometa 10, nayo ikajaa nyumba kidogo kidogo. Mwanga, uliokuwa njiani, ukawa mtaa mkubwa. Hata mwisho mpaka haukuonekana tena, na serikali ikaunganisha yote kuwa manispaa moja iitwayo Kigoma-Ujiji. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 manispaa hiyo ilikuwa na watu 215,458. Angalia mpangilio wa jina: aliyezaliwa mwisho ametangulia, na mkubwa amewekwa nyuma.

VII. Neno "kiunga"

Kiswahili kina neno jema kwa mahali pa namna hii, nalo ni kiunga. Neno hili lina maana mbili: viambo vilivyo kandokando ya mji, na tena shamba la miti ya matunda. Wazee wa pwani waliona maana hizo mbili kuwa kitu kimoja, kwa sababu kando ya mji ndiko kulikokuwa na minazi na miembe. Ujiji ni kiunga kwa maana zote mbili. Michikichi na miembe bado imesimama kati ya nyumba, na jina la mtaa ni la mjini.

Hata hivyo si sawa kusema mji umekufa. Vitu vilivyoondoka vilikuwa vya wageni: boma, bandari kuu, stesheni. Vya wenyeji vilibaki. Wakati wa giza la mwezi taa za wavuvi huonekana ziwani kama mji mwingine juu ya maji. Mawese yangali yakikamuliwa. Mitaa ya Kitongoni, Kasimbu na Kasingirima ingali ikiitwa majina yake. Zaidi ya hayo, lugha ilikwenda kinyume cha mali. Mali ilitoka Ujiji kwenda Kigoma ikawa mali ya Kigoma, lakini Kiswahili cha Ujiji kilikwenda Kigoma kikabaki Kiswahili cha Ujiji. Wapagazi wa gati, wachuuzi na mafundi wa kwanza walikuwa watoto wa Wamanyema na Wajiji, na usemi wao ndio uliokuwa usemi wa mji mpya. Kwa mambo ya lugha na desturi, basi, Kigoma ndiyo kiunga cha Ujiji.

Lakini riziki ya kiunga ina mashaka yake, kwa kuwa wakubwa wa mambo wako mbali. Mwaka 2024 nchi zinazopakana na ziwa zilipatana kulipumzisha, na upande wa Tanzania uvuvi ukafungwa tangu 15 Mei hata 15 Agosti. Sababu ilikuwa nzuri, maana samaki walikuwa wamepungua. Lakini nyumba isiyo na shamba, kwa sababu shamba limekwisha kuwa kiwanja, hula nini miezi mitatu? Zamani mvuvi wa Ujiji alikuwa mkulima pia, na wavu ulipotundikwa jembe lilishikwa. Hapo ndipo madhara ya kugeuka kiunga yanapoonekana wazi. Mtu hanyang'anywi kazi yake. Hupunguziwa kazi ya pili iliyokuwa ikimwokoa wakati wa shida.

Tena ziwa lenyewe halijanyamaza. Tangu mwaka 2020 hivi maji yamepanda kwa nguvu, yakaingia katika makao ya ufukweni na penye magati, Kigoma na hata Bujumbura. Waliojenga chini wakaona hasara. Mzee aliyeambiwa na babu yake habari za minazi iliyosimama majini hakushangaa sana. Ardhi iliyoachwa na ziwa ni ardhi ya kuazimwa, na mwenyewe huja kuitaka.

VIII. Kazi iliyo mbele ya walimu

Jambo la Ujiji si la Ujiji peke yake. Huku kwetu boma la Wadachi lilikuwa Kasanga, wakaliita Bismarckburg. Wakati wa Waingereza likawa Namanyere, kisha Sumbawanga. Kila boma lilipohama, mahali fulani palikua na mahali fulani palisahauliwa, na vijiji vya kando ya Sumbawanga sasa ni mitaa yake. Watoto wanaozaliwa humo hutaja jina la mtaa bila kujua kwamba lilikuwa jina la mto, la mkuu wa kijiji, au la mti wa matambiko.

Kwa hiyo yafaa kila mwalimu aliye karibu na mji unaokua ayaandike mambo manne kabla wazee hawajaondoka. Kwanza, majina yote ya zamani ya mahali, pamoja na maana yake. Pili, mipaka ya mashamba na ya maji, na nani aliyekuwa na haki ya kugawa. Tatu, maneno ya kazi: ya wavu, ya jembe, ya tanuru la chuma, ya chungu. Maneno haya hufa siku ile ile kazi inapokoma. Nne, ni nani waliofika kutoka nje, kwa hiari au kwa nguvu, na walipokelewaje.

Hilo la nne ndilo gumu, kwa sababu watu hawapendi kutaja utumwa wa mababu. Lakini Ujiji yatufundisha kwamba waliofika wamefungwa ndio walioupa mji lugha yake, na lugha hiyo imedumu kuliko bandari, kuliko boma, na kuliko merikebu zote zilizopita. Tukimfundisha mtoto habari za Ujiji tena, tumwambie kwanza habari za watu hao. Habari za wageni wawili waliokutana chini ya mwembe zifuate nyuma.